Sura ya Rubani

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Halmashauri imekubali sanamu ya Baba Mkubwa isimame mbele ya posta. Rubani wa ndege ya kivita, aliyezifukuza ndege za adui juu ya mji huu na asirudi tena. Shangazi, dada yake, amelia. Kasema miaka yote hii hana hata kaburi la kuwekea ua. Nimemwahidi atamwona kaka yake vilevile alivyokuwa.

Tatizo dogo. Picha iliyobaki ni moja, naye kavaa kofia ya ngozi, miwani ya urubani na skafu hadi mdomoni. Inaonekana pua. Nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata jawabu. Damu ni moja! Mchongaji atatumia sura yangu. Akauliza kama Shangazi anajua. Nikamwambia achonge.

Nimeshinda juu ya kreti la soda nikitazama mawinguni kishujaa. Shingo imekakamaa. Kinyozi, katibu wa kamati ya sanamu, kapita akachungulia. Tangu mwanzo alitaka ichongwe ndege tupu, bila mtu. Kijicho tu!

Alhamisi, 20 Machi

Sanamu ya saruji tayari. Nimemsihi mchongaji apunguze tumbo. Kasema yeye huchonga anachokiona.

Jumamosi, 22 Machi

Uzinduzi. Kitambaa kikavutwa. Muuza magazeti akauliza kwa sauti nimefariki lini. Uwanja mzima ukaangua kicheko!

Kinyozi, hana haya, akamkumbusha diwani kwamba kanuni inakataza sanamu ya mtu aliye hai. Diwani akaamuru ibomolewe Jumatatu. Nikaikumbatia miguu ya sanamu, nikasema waanze kunibomoa mimi. Kinyozi akasema hakuna ugumu, saruji ni ileile.

Shangazi hakucheka. Aliniambia alikuja kumwona kaka yake. Mimi ananiona kila siku nikija kula. Akaondoka peke yake. Iliniuma sana.

Jumapili, 23 Machi

Siombi radhi. Siombi! Sikwenda kula kwa Shangazi. Njaa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimejifunga kwenye sanamu kwa kamba ya kuanikia nguo. Wabomoaji wakaja na nyundo. Kinyozi akaja na kiti.

Ndipo Shangazi akatokea, mfuko mkononi. Ndani, kofia ya ngozi na miwani ya Baba Mkubwa, alizoziacha nyumbani likizo yake ya mwisho. Akamwamuru mchongaji apande ngazi, aivishe sanamu. Kisha akavua skafu yake mwenyewe, akampa aifunge hadi mdomoni. Ikabaki pua. Nusu.

Hakuna aliyecheka. Shangazi akaishika sanamu mkono, akamwita kaka yake kwa jina la utotoni, akamwambia amechelewa mno kurudi. Kinyozi akapenga kamasi. Diwani akasema huyu haonekani kuwa mtu yeyote aliye hai, wabomoaji waende zao.

Shangazi akaniambia nijifungue, chakula kinapoa. Nililia njia nzima, na sioni aibu.

Jumanne, 25 Machi

Nimepita uwanjani. Shangazi alishatangulia, kaweka ua, la kwanza. Nikasimama naye kwa heshima zote mpaka alipoondoka.

Kisha nikapanda kukagua. Ile nusu pua ni yangu, hilo hakuna wa kunipokonya. Na fundo la skafu limelegea. Sikulikaza. Wanasema kesho kuna upepo.