Unga wa Moto na Mizani ya Pamba

Jumatatu, 7 Machi 1966. Busia.
Unga wangu wa Moto uko tayari. Tangawizi, pilipili, magadi kidogo. Ukilamba kijiko, mwili unawaka na kutumia nguvu maradufu. Nimeulamba mwenyewe, machozi yakanitoka. Dalili njema. Okanya, anayebeba abiria kwa baiskeli kama mimi, ametangaza sokoni kwamba ule ni mchuzi uliokosa nyama. Watu wamecheka. Nimemwambia tupime. Dau ni baiskeli yangu kwa yake. Bila baiskeli mimi si mtu hapa mpakani, lakini nani kasema nitashindwa?

Jumanne, 8 Machi.
Tumepatana. Binamu yangu Tom atalamba Moto. Patroba, mtu wa Okanya, atalamba unga wa muhogo. Keshokutwa wataendesha mpaka Tororo na kurudi. Tutawapima kwenye mizani ya pamba asubuhi na jioni. Atakayepungua zaidi ndiye aliyetumia nguvu zaidi. Okanya anasema hiyo ni haki. Maskini, hajui kwamba shangazi yangu Elinah anakaa Bulumbi, kando ya barabara. Nimempelekea salamu: apike kuku, amsimamishe rafiki yangu mwenye shati jekundu, amshibishe mpaka ashindwe kuinuka. Shati jekundu ni la Patroba. Tom nimemwonya asiguse hata tonge. Akili ni mali.

Alhamisi, 10 Machi.
Nimekwisha. Patroba amepungua ratili tano. Tom ameongezeka tatu! Okanya amecheka mpaka akakaa juu ya magunia, kisha akaondoka na baiskeli yangu. Nimemvuta Tom pembeni. Anasema shangazi alitoka mbio barabarani, akaliona shati jekundu, akajifunika uso kwa kanga na kukimbilia nyuma ya ghala. Patroba naye akakanyaga pedali kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Lo, nilisahau kabisa. Mwezi wa Januari Patroba alipeleka ng'ombe wa mahari kwa ajili ya Anjeline, binti wa shangazi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kula kwake? Kuku akabaki bila mlaji. Tom anaapa alikataa mara mbili. Shangazi akamuuliza kama siku hizi chakula chake kinanuka. Basi akala, sahani yake na ya mkwe. Wakati wa kurudi akamalizia mchuzi.

Ijumaa, 11 Machi.
Okanya amepita mlangoni akipiga kengele. Kengele yangu. Roho imeniuma sana. Nimekaa, nikafikiri. Tom alilamba Moto, akaendesha kutwa nzima juani, akarudi mzito. Ratili tatu! Mbona sikuliona? Huu ni unga wa kunenepesha. Nimebadili maandishi kwenye mikebe yote ya unga. Okanya amesema nina wazimu. Nimemwambia tupime tena Jumatatu, njia ileile, dau viatu vyangu. Safari hii Tom apumzike. Atakayelamba ni Patroba, kwa sababu ni mwembamba na ana nafasi ya kunenepa. Tena sitaki kubahatisha. Nimempelekea shangazi salamu apike kuku wawili.