Kitasa cha Pijo na Harusi ya Ibaba

Jumatatu, 16 Juni

Ufunguo wa Pijo umekatikia kwenye swichi! Nusu mkononi, nusu ndani. Restuta, mke wangu, anasema ni kwa sababu niliuzungusha kwa koleo. Koleo halina kosa lolote. Jumamosi Pijo ndiyo inayombeba bibi harusi wa mpwa wangu Deus, kutoka kwao Ibaba, milimani kule Ileje, hadi kanisani. Niliahidi mbele ya kamati nzima. Mjomba ni mimi, na gari ni 504 ya marehemu baba, si haya magari ya plastiki. Jirani yetu Rabson, mwenye Noah, alicheka palepale. Pijo isipowaka, Noah yake ndiyo itakayofungwa maua. Afadhali nife.

Jumanne, 17 Juni

Fundi Ayoub amekuja, akatazama, akasema swichi itolewe, iagizwe mpya na funguo zake kutoka Dar. Itafika wiki ijayo. Wiki ijayo! Nimemshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani. Halafu nimeifanya kazi mwenyewe. Nimechomoa waya wa betri, nimefungua kava la chini ya usukani, nimezungusha kwa bisibisi huku nikibonyeza kwa msumari kipini kidogo kinachoshikilia kitasa ndani ya swichi. Kitasa kimetoka kama jino la mtoto! Hawa mafundi wanatutisha tu.

Jumatano, 18 Juni

Nimevuka mpaka hadi Nakonde, kwenye yadi ya magari chakavu. Nilisahau kwamba saa ya Zambia iko nyuma ya yetu, nikasimama mbele ya geti lililofungwa nikilaani uvivu wa watu. Muuzaji alipofika akanisalimu, mulishani bashikulu. Babu? Mimi? Ila kitasa anacho. Cha 504 kabisa, na ufunguo wake, eti kimetumika kidogo. Nimekipachika jioni. Gari limewaka mara ya kwanza! Nimeimba wimbo wa kwaya, sauti zote nne peke yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Balaa. Restuta amejaribu ufunguo wa kabati la vyombo. Gari limewaka. Tumejaribu wa banda la kuku. Limewaka. Meno ya ndani ya kitasa yameisha, kinakubali chochote kinachoingia. Nimemwapisha Restuta asimwambie mtu. Baadaye Rabson amekuja eti kukagua kwa niaba ya kamati. Nimewasha, injini imenguruma, akaondoka bila kuaga. Ufunguo wa kabati nimeuficha ndani ya soksi, chini ya kitanda.

Jumamosi, 21 Juni

Furaha tupu leo! Tulifika Ibaba na msafara wetu, Pijo mbele. Langoni akatusimamisha Jenista, shangazi wa bibi harusi, na kundi la wanawake wenzake. Wakachomoa funguo za magari yote. Binti hatoki, walisema, mpaka upande wa bwana harusi ulete kitenge cha shangazi na jogoo. Kitenge tulikuwa nacho. Jogoo kamati ilimsahau. Kamati ni Rabson! Tukahangaika nyumba kwa nyumba mpaka jogoo akapatikana, Jenista akaridhika, vigelegele vikapigwa. Akadaiwa funguo. Hana! Alizifunga kwenye khanga ya Enesi, bibi mzaa baba wa bibi harusi, na bibi alishapanda lori la kwaya kutangulia kanisani.

Simu ya bibi ilikuwa inaita chumbani kwake. Mchungaji akatuma ujumbe kwamba ana ndoa nyingine kata ya pili na hatangoja zaidi. Tumpale, bibi harusi, akaanza kulia, poda ikachuruzika. Nami nililia, kwa ndani. Ndipo nikamwomba Jenista ufunguo wowote alio nao. Akasema ana wa ghala la mahindi tu. Nikasema huohuo, shangazi.

Pijo ikawaka! Watu wakapiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Nikampakia bibi harusi, matroni, Jenista, na mbele akakaa Rabson, ameshika maua mapajani. Tulimkuta mchungaji anafunga begi lake. Ndoa imefungwa. Ee Mungu, asante, moyo umerudi mahali pake.

Jumapili, 22 Juni

Gari halipo! Nimetoka asubuhi, nje kweupe. Nimepiga mayowe, nimekimbia na msuli mpaka njia panda, nimemkaba muuza chapati asiye na hatia. Kumbe ni Sadock, jirani wa nyumba ya nyuma. Pijo ilimzibia lori lake la mahindi, akaisogeza hadi mtaa wa pili kwa ufunguo wa duka lake. Rabson amekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba Pijo huwaka kwa ufunguo wowote. Nilipoiona nimeikumbatia boneti. Ayoub amesema nikiagiza swichi mpya atanifungia bila malipo, kwa huruma tu. Nimekataa. Swichi mpya inamjua mtu mmoja, je, siku ya harusi nyingine?

Nina dawa bora. Nimeandika kwa rangi kwenye kioo cha nyuma: GARI HILI LINA ALAMU. Restuta ameuliza alamu yenyewe iko wapi. Nimemwambia ni mimi, leo nalala kiti cha nyuma na blanketi. Ameuliza, na wakiondoka nalo nami nimelala? Mwanamke huyu! Gari litaitwaje limeibwa wakati mwenyewe yumo ndani?