Kompyuta ya Marehemu Laban

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimefanya ujinga kanisani. Akina mama tulikuwa tunapanga ukumbusho wa mume wangu Laban, mwaka mmoja tangu tumzike, Jumamosi hii. Maximilla, mjane mwenzangu, akaanza tena: ukumbusho wa mzee wake ulikuwa na hema mbili, na vipaza sauti vikasikika mtaa wa pili. Ati mimi nitakuwa na nini? Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema nitawasha kompyuta ya Laban. Wote wakanigeukia. Utamu ulioje! Bwana anisamehe.

Shida ni moja. Haiwaki. Wiki ya mazishi stima ilipotea ikarudi kwa kishindo, na tangu hapo, kimya. Laban alikuwa karani wa shule, akauziwa hiyo shule ilipoleta mpya. Kila jioni alibonyeza, ikalia tii! naye akasema, "Amka, ndugu yangu." Halafu anacheza karata mle ndani mpaka ugali unapoa. Mimi nagomba.

Nakwambia wewe peke yako, daftari: Maximilla ni kisingizio. Nataka kuisikia hiyo tii. Mara moja tu.

Nimeiwekea mkono nikaiombea. Haikujibu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeipeleka kwa Wasike, fundi wa redio pale sokoni Kibuye, kwa mkokoteni. Nilikuwa nimeifunika shuka nyeupe kwa sababu ya vumbi. Njiani wazee wawili wakavua kofia. Sikuwasahihisha.

Wasike akagonga, akatega sikio. Akasema yeye ni mtu wa redio na pasi, lakini huenda ni unyevu wa ziwa. Ataifungua vizuri Alhamisi. Mimi, ningoje mpaka Alhamisi? Kitu kikiwa na unyevu, nani hajui dawa yake? Nikaondoka nayo.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeipeleka Dunga, ufukweni. Beldina huanika omena, dagaa wa ziwani, pale, nikamwomba kona ya wavu wake. Akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama upande mmoja ukikauka aigeuze.

Nikalilaza sanduku la kompyuta, kifuniko wazi. Jua safi. Nikaimba pambio. Nikasinzia. Kumbe Beldina alikuja kumwaga beseni lingine la omena, na zingine zikaingia ndani! Nilipoamka, korongo kubwa la majalalani lilikuwa limezamisha mdomo kwenye kompyuta ya marehemu. Nililifukuza kwa kiatu. Wavuvi wakanipigia makofi. Aibu tupu.

Alhamisi, 8 Agosti

Wasike alinusa kabla hajafungua. Akauliza, "Mama Dorca, hii mashine ulikuwa unailisha?" Akatoa omena mojamoja kwa koleo, akaziweka kwenye sahani. Vijana wa kibanda jirani wakaulizia ugali.

Kisha akaacha utani. Akanionyesha mahali peusi. Imeungua, tangu siku ile ya stima. Si unyevu, na kipande chake hakitengenezwi tena. Aliniambia polepole, akiangalia chini, kama daktari alivyoniambia mwaka jana. Hakutaka pesa.

Nimerudi nayo nyumbani. Nimelia kidogo. Halafu nikakumbuka nina tochi.

Jumamosi, 10 Agosti

Nilipanga hivi. Tochi juu ya kompyuta, inaangaza kioo, kitambaa cha kufuma kimefunika vyote. Jirani yangu Jentrix nyuma ya pazia, atoe tii kwa mdomo. Nilimfundisha asubuhi yote. Mwanzoni alikuwa kama kifaranga.

Baada ya maombi nikatangaza kwamba mwanga wake huumiza macho, asiguse mtu. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Mwanga! Tii! Safi kabisa, kama yenyewe. Maximilla mdomo wazi. Nikataka kucheka.

Ndipo mama mkwe wangu, Aoko, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akageuka pale kitini akauliza kwa Kijaluo, "Laban, umekula?"

Ndivyo alivyomuuliza kila jioni akisikia ule mlio.

Jentrix akashindwa, akaanza kwikwi nyuma ya pazia, na watu wakasikia kompyuta inalia. Nikamjibu mimi. Nikasema, amekula, Mama. Akasema vizuri. Akashukuru Mungu.

Nikaenda jikoni nikashika mlango. Niliporudi tochi ilikuwa imeisha betri. Hakuna aliyeinua kitambaa. Hata Maximilla. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wa gauni.

Jumapili, 11 Agosti

Maximilla amekuja baada ya ibada, peke yake, bila kofia yake ya kanisani. Amebeba kitu ndani ya leso: redio ya mzee wake. Ilinyamaza mwezi aliozikwa. Akasema kwa sauti ndogo, dada, wewe umeiamsha ya Laban, hata hii utaiweza.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nilijua. Nikafumba macho nikaomba nguvu. Nguvu ikaja. Nikaitumia kufungua skrubu.

Sasa ni jioni na bado hajaenda kwao. Redio iko wazi mezani, na kuna waya mmoja ambao hatujui ulitoka wapi. Anaushika kwa vidole viwili, hataki kuuweka chini. Nimemwambia alale hapa. Mashimo mle ndani ni mengi, mojawapo lazima ni la waya huu.