Malalamiko Juu ya Pochi Isiyojua Kukaribisha Wageni

Ozurgeti, Guria
Alhamisi, 18 Septemba

Waheshimiwa Mliotengeneza Pochi,

Nawasalimu, ingawa kwa kanuni zenu sijui kama salamu zinaruhusiwa. Mimi ni Nugzar Dolidze, umri miaka sitini na nane, kiongozi wa karamu katika kijiji chetu kwa miaka arobaini. Kwetu Georgia kiongozi wa karamu ndiye anayeinua glasi na kuisemea, na hakuna anayekunywa kabla hajamaliza. Nawaeleza haya ili mjue mnashughulika na nani, maana pochi yenu haijui.

Pochi yenyewe inakaa ndani ya kivinjari cha kompyuta yangu, imejibana kwenye kona kama kupe. Binti yetu Eteri ndiye aliyeiweka alipokuja likizo. Yuko Bari, Italia, mwaka wa sita huu, anamtunza bibi kizee wa watu. Anamwinua, anamwogesha, anamlisha. Kila mwezi anatutumia sarafu za mtandaoni, kwa kuwa mawakala wa kutuma fedha walikuwa wanamkata mpaka aibu. Tulikubaliana kwamba akiba ikitosha kununua tanuri la mikate, anarudi nyumbani moja kwa moja. Mwezi wa nane ilitosha. Kwa hiyo msidhani naandika kwa kukosa kazi.

Lalamiko la kwanza. Siku ya kwanza pochi yenu ilinipa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, ikasema mwenye nayo ndiye mwenye fedha, ikaniamuru niyaandike kwenye karatasi na kuificha mahali ambapo mtu hawezi kuiona. Waheshimiwa, kwangu hakuna mahali hapo. Lango langu halina kufuli. Jirani yangu Zauri huingia na kujikatia jibini mimi nikiwa nimelala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, basi. Mke wangu Lamara alisema, "Nipe mimi hiyo karatasi, nitaishonea ndani ya godoro." Nikamjibu kwamba karatasi ni ya watu wasio na kichwa. Niliyatafsiri maneno kwa kamusi, nikayakariri, na karatasi nikaitia jikoni ikaungua. Lamara aliendelea kumenya vitunguu.

Lalamiko la pili. Pochi inajifunga yenyewe. Nikienda kumpa nguruwe chakula nikirudi, inaniuliza nywila upya, kana kwamba aliyerudi si yule aliyetoka. Nywila ni jina la ng'ombe wetu, na kijiji kizima kinamjua ng'ombe huyo. Nikitaka kutuma chochote inaniuliza, "Una uhakika?" Mimi nimezika watu, nimeozesha watu, nimepatanisha koo mbili zilizokuwa na bunduki mezani. Hakuna mtu Guria aliyewahi kuniuliza kama nina uhakika. Mnaweza kuwauliza.

Lalamiko la tatu. Mwezi wa saba alinipigia simu kijana mwenye sauti nzuri, akasema anatoka kwenu, huduma kwa wateja. Kwanza aliuliza hali ya mgongo wangu. Kisha akaomba niandike yale maneno kumi na mawili kwenye ukurasa alionitumia, ili pochi ipate nguvu mpya. Nilikuwa kwenye neno la pili Lamara alipoifunga kompyuta juu ya vidole vyangu. "Mtu wa heri anauliza mgongo akaishia hapo," alisema. Baadaye nikasoma kwenu kwamba wafanyakazi wenu hawamwulizi mteja maneno yake hata siku moja. Hamwoni haya? Tapeli ameujua mgongo wangu, ninyi hamjapiga hata kunitakia sikukuu njema. Kama tapeli ana adabu kuwashinda, mimi nimlaumu nani?

Lalamiko la nne, na hili ndilo linaloniuma. Mmeandika kwa herufi nyekundu, "Usimwambie mtu yeyote." Mtu yeyote! Yaani mmeweka kundi moja mwizi, padri, na Zauri.

Jumapili iliyopita Zauri alimbatiza mjukuu wake. Tulikuwa watu sabini mezani. Mtu wa umri wangu hakumbuki kitu asichokitumia, kwa hiyo niliamua kwamba glasi kumi na mbili za siku ile zibebe maneno yangu kumi na mawili, kwa mpangilio wake. Glasi ya kwanza niliinua kwa ngazi, kwa kuwa mtoto hupanda maisha hatua kwa hatua. Ya pili kwa mbuzi, na hapo wanaume wawili walilia. Ya tatu kwa kijiko. Kila mara nilitangaza kwamba hilo ni neno la akiba ya Eteri wangu, la ngapi, ili wote wamwombee baraka. Walisimama wote. Ni kijana mmoja tu aliyebaki ameketi, alikuja na shemeji ya mtu. Mchana kutwa hakugusa divai, alikunywa maji ya limau na kuandika kwenye simu. Nilimwonea huruma, nikajua anajifunza usemi. Neno la saba aliniomba nilirudie, nami nikalirudia polepole.

Mtu akaipiga video karamu yote, na Jumanne Eteri akaiona huko Bari. Akanipigia. "Baba," alisema, "umewasomea watu sabini ufunguo wa miaka yangu sita." Nikamweleza kwamba walikuwa wageni, na mgeni haibi. Nikasikia bibi kizee akimwita kwa nyuma. Kisha akasema, "Basi waandikie wenye pochi, Baba. Wao watakueleza." Sijawahi kumsikia mwanangu akiongea nami kwa upole wa namna ile, na sikuupenda.

Lalamiko la tano ni hitimisho. Ama maneno yangu yako salama kwa wageni wangu, au wageni wangu ni wezi. Hakuna njia ya tatu. Na kwa kuwa wageni wangu si wezi, ninyi ndio waongo. Nadai mfute "usimwambie mtu yeyote" na kuandika "waambie uliokula nao tu." Nadai pia barua ya kuomba radhi, moja kwangu, moja kwa Zauri, na moja fupi kwa yule kijana wa maji ya limau, ambaye mmemtia doa bila kumjua.

Wasalimieni mama zenu, na wazee wenu kama bado wanaruhusiwa kujua mnakoishi. Mkipita Guria lango liko wazi, nanyi mtakula kwangu pamoja na makosa yenu yote.

Wenu katika ukweli,
Nugzar Dolidze

N.B. Nilikuwa nimefika hapo, nikafungua pochi ili ninakili jina lenu vizuri kwenye bahasha. Tangu karamu sikuwa nimeifungua. Ni tupu.

Lamara alikuwa mlangoni. "Nilizihamisha Jumapili ile ile," alisema. "Ulipofika glasi ya tano nikajua unakokwenda." Alikimbia nyumbani, akatengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, akahamishia kila kitu mimi nikiwa bado nazungumza. Kwenye pochi ya zamani aliacha kidogo tu. "Nauli ya mgeni wako," alisema. Jumatatu asubuhi nauli haikuwepo. Eteri aliambiwa Jumanne baada ya kukata simu yangu, na wote wawili waliamua niachwe niive. Amekwisha kukata tiketi, anafika tarehe mbili.

Nilimwomba Lamara anitajie maneno mapya. Akaniuliza, "Kwa glasi ya ngapi?"

Kwa hiyo nafuta lalamiko la kwanza, la tatu, la nne na la tano. Nimeitazama video. Glasi ya sita niliinua kwa akina mama, na nikawasifu dakika kumi na moja. Watu wote wamesimama, wengine wanafuta machozi, na kiti cha Lamara ni kitupu.

Lalamiko la pili nalo lifuteni. Jana ningewajibu kwamba ninao uhakika.