Kuvu Chumbani kwa Mzee Machogu

Jumatatu, 19 Aprili 1971, Ikonge

Kuvu imefika usawa wa mto wangu. Nyeusi, inanuka viazi vilivyooza. Ukuta ukiugusa, kidole kinazama. Na Jumapili mke wangu Benta anatoka Kendu na mtoto, mwenye kifua kibovu tangu azaliwe. Akilala hapa nitamzika.

Omwenga, mwalimu wa chumba cha pili, kasema nikalalamike ofisi ya wilaya. Eti sheria inamtaka mwenye nyumba atengeneze, na hawezi kunifukuza kwa kulalamika. Rahisi kwake, yeye ni wa hapa. Mimi ni Mjaluo na cherehani moja. Mwenye nyumba, Mzee Machogu, nilishamwambia, akajibu mvua ni ya Mungu. Na yeye ni mzee wa kanisa la Sabato, nitabishana naye vipi? Nimeziba nyufa kwa vipande vilivyobaki vya nguo za wateja. Akili ni mali.

Jumanne, 20 Aprili

Mpango. Watu hapa wanaogopa uchawi kuliko serikali. Nimemnong'oneza Esnah muuza ndizi kwamba kuvu ile ina sura ya mtu, na inasogea. Nikamsihi asimwambie yeyote. Kufikia jioni soko zima linajua. Mzee ataogopa, atatengeneza.

Alhamisi, 22 Aprili

Hakutengeneza. Kanisalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Fundi wa kupiga lipu kakataa kuvuka kizingiti. Wateja wawili wamechukua nguo kabla sijamaliza, na mama mmoja akadai hata vipande vilivyobaki. Sikuelewa. Kuvu nimeitazama tena. Kweli ina sura. Nililala nimeipa mgongo, nikaona hiyo ni mbaya zaidi, nikageuka.

Ijumaa, 23 Aprili

Nimekwisha. Alasiri Mzee alikuja na omoriori, yule mtu wa kufukua uchawi uliofichwa majumbani. Mzee wa kanisa! Omoriori alinusa, akachimba penye kuvu, akachomoa kitambaa. Kisha kingine. Wapangaji wote wakajaa uani. Hapo ndipo nilipokumbuka mchawi hutafuta nini: kipande cha nguo ya anayetaka kumroga. Kilichofuata kilikuwa cha suruali ya Mzee ya kuendea kanisani. Akaitambua. Nilianza kueleza habari za unyevu, omoriori akachomoa kingine.

Jua likazama. Mzee akasema Sabato imeingia, kazi basi, shauri langu litasikizwa Jumapili. Wakaondoka na kuacha shimo ambamo ng'ombe angepita.

Sabato, 24 Aprili

Mvua. Nimekaa chumbani chini ya mwavuli. Nyimbo zinasikika kutoka kanisani. Zikinyamaza naogopa zaidi. Nikitoroka nimekiri, na Benta atanikuta wapi? Najua mchawi hufanywa nini. Huchomewa nyumba. Yangu imeloa mno, haiwezi kushika moto. Hilo limenifariji kidogo.

Jumapili, 25 Aprili

Wazee waliketi uani, mimi katikati. Benta akatokea, mtoto mgongoni anakohoa. Akauliza kuna nini, akaambiwa. Akaingia, akaona shimo, akatoka. Akawaambia wazee kwamba mumewe huziba kila tundu kwa vitambaa, hata banda la kuku la mama mkwe, na kwamba akili ya kuroga hana. Wazee wakacheka. Nami nikacheka, kwa woga.

Omwenga akasema kwa upole kwamba kesho ofisi ya wilaya itauliza ukuta umebomolewa na nani, na kanisa nalo litauliza omoriori aliitwa na nani. Mzee Machogu akakohoa kuliko mtoto. Tumepewa chumba kikavu cha mbele mpaka ukuta ukamilike.

Jumatatu, 3 Mei

Tumerudi chumbani. Ukuta mpya, chokaa nyeupe. Mtoto analala bila kukohoa. Benta anasema ni sheria na Omwenga. Mimi najua ni mpango wangu.

Leo bati limeanza kuvuja juu ya kitanda. Benta kaniagiza nikamwambie Mzee kwa mdomo, kama mtu mzima. Ya nini kumsumbua? Nimepanda mezani nikaziba tundu kwa kitambaa kizito, kizuri. Ni mabaki ya koti la chifu.