Majedwali ya Mheshimiwa Issack

Jumuiya yetu ya Hockley inautangazia ulimwengu kwamba kompyuta yake imetiwa kasi. Naandika kama Mjumbe wa Kudumu wa Kamati ya Kasi, na pia nyanya wa bibi harusi.

Harusi ya mjukuu wangu Barwako ilikuwa Jumamosi, pilau imeshaagizwa, na ufunguo wa ukumbi hautolewi mpaka kompyuta ikubali kwamba ukumbi uko wazi. Sasa, kompyuta yetu ina adabu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Issack wa mji wa Sutton Coldfield, aliagiza kila kamati iwe na jedwali lake la kumbukumbu humo ndani. Kamati iliyozaliwa ilipewa lake, iliyokufa haikuzikwa. Ukiuliza swali moja, mashine hupita jedwali baada ya jedwali kama mgeni anayesalimia mtaa mzima: hamjambo, watoto hawajambo, ukumbi mmeuchukua nyinyi? Tukanywa chai, tukaswali, tukarudi. Bado inasalimia.

Ushma, fundi wetu wa kompyuta, aliomba ayaunganishe yawe machache.

“Binti,” Mheshimiwa akamwambia, “Kamati ya Vikombe na Kamati ya Visahani zimenuniana tangu Idi. Utazilaza chumba kimoja?”

Badala yake akaunda Kamati ya Kasi. Nayo ikapewa jedwali, kompyuta ikazidi kujikokota.

Ijumaa Barwako alinipigia simu kuuliza kama pilau italiwa barabarani. Nikamwendea Mheshimiwa na sambusa. Alipomaliza ya tatu alitia sahihi amri ya kishujaa: jedwali lolote ambalo mwaka mzima hakuna binadamu aliyeliuliza kitu, lifutwe. Akaipiga mhuri mara mbili.

Ushma akafuta. Kompyuta ikajibu kabla chai haijapoa: ukumbi uko wazi, uchukueni.

Jumamosi Mheshimiwa akafika na hotuba yake, akaweka kadi kwenye mashine ya mlangoni. Mashine ikaandika: hayumo.

“Nani hayumo?”

“Jina lako lilikuwa kwenye Jedwali la Uongozi, mzee,” Ushma akamweleza taratibu. “Mwaka mzima hakuna aliyeliuliza kitu.”

Kumrudisha kunataka idhini ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti hatukuwa naye. Nikamwingiza kama jamaa wa bibi harusi, upande wa kugawa pilau. Aligawa vizuri, nakiri. Kutwa nzima watu walimwuliza: pilipili iko wapi?

Alipopumzika nikamwambia, kitendawili.

“Tega, nyanya.”

“Aliamuru nyumba ifagiwe, akatoka na taka.”

Alifikiri mpaka sahani yake ikapoa, akashindwa, akanipa mji. Nimechukua Sutton Coldfield, na nyumba yake imo.