Mkate wa Dola Mia na Sabini na Mbili

Jumatatu, 7 Mei 2012

Nimeibiwa. Na aliyeniibia ana kiyoyozi na walinzi wawili mlangoni.

Barua ya benki imefika saa nne asubuhi. Kwa dakika moja nzima nilidhani wananipongeza. Alhamisi iliyopita niliweka dola mia tisa, malipo ya kumtengenezea friji muuza aiskrimu wa kijiji cha Guaico. Zilikuwa za kununulia themostati, kile kidhibiti joto, ya oveni ya mke wangu, Verlyn. Leo karatasi inasema sina kitu. Tena nadaiwa themanini na sita!

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma, nimeisoma mara tatu. Wamefanya hivi. Mwezi uliopita niliandika hundi ya kompresa ya friji, dola elfu moja, siku ya Ijumaa. Hiyo wameikata kwanza. Kisha wakarudi nyuma kukata vitu nilivyonunua kwa kadi Jumanne, Jumatano na Alhamisi: petroli, dawa ya kikohozi, skrubu, kuku, mkate. Vitano. Kwa kuwa akaunti ilikuwa imeshakaushwa na kompresa, kila kimoja kikatozwa ada ya kuvuka salio. Dola mia na hamsini kila kimoja! Ada hizo na deni la vitu vyenyewe vimemeza mia tisa zangu zote. Mkate wa dola ishirini na mbili umenigharimu mia na sabini na mbili. Na wala haukuwa laini.

Verlyn ana oda ya keki ya ghorofa tatu, harusi ya Mwalimu Joefield, Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Oveni yetu inachoma upande mmoja, upande wa pili inaacha uji. Keki hiyo ikiharibika hakuna bibi harusi mwingine wa mji wetu wa Sangre Grande atakayebisha hodi kwetu. Nilimwahidi themostati wiki hii.

Ameuliza barua ilikuwa ya nani. Nikasema ya benki, wananishukuru. Akasema ni vizuri, angalau kuna mtu ananishukuru.

Nimeificha kwenye droo ya bisibisi. Verlyn hajawahi kuifungua. Jioni nimeandika barua yangu. Kali! Wino mwekundu mwanzo hadi mwisho. Nadai mia saba na hamsini zote, pamoja na elfu kumi za uchungu wa moyo.

Jumanne, 8 Mei

Benki. Namba yangu ya foleni: themanini na moja. Walikuwa wakihudumia ya thelathini.

Dirishani alikuwa Anika Sookdeo. Namjua, friji la bibi yake nimelitengeneza mara nne. Akaisoma taarifa ya akaunti, akasema kuna fomu ya malalamiko, ukurasa mmoja, naandika tarehe nilizonunua vitu, basi. Nikamweleza kwamba fomu ni ya mtu anayeomba. Mimi siombi, nadai. Akasema, "Anko, jaza tu fomu." Nikakataa kwa heshima. Nikataka meneja.

Meneja ni Bwana Alleyne. Nilimsubiri kwa muda wa saa mbili. Barua yangu aliishika kwa ncha za vidole, akauliza kama kuna mtu aliumia. Nikamwambia ni wino. Akasema kompyuta yao hupanga malipo kuanzia kubwa kwenda dogo, ili malipo muhimu yasikwame. Nikamwambia hakuna mtu aliyewahi kula kompresa kwa siagi. Foleni yote ikacheka. Yeye hakucheka. Akasema watalitazama.

Hata hivyo sikutoka mikono mitupu. Nilipokuwa nasubiri nilisikiliza kiyoyozi chao. Kinakohoa. Hakitamaliza wiki. Sikumwambia mtu.

Niliporudi mtaani, jirani yangu Kelvin Ragoonath alikuwa amesimama getini kwake, akitaka kujua kwa nini nimevaa tai. Kelvin alifanya kazi benki ile miaka kumi na tisa. Ukimsikia utadhani alikuwa mkurugenzi. Alikuwa anafungua mlango. Akaniambia Alleyne haogopi barua, anaogopa umati. Sikutaka kukubali kwamba ni wazo zuri. Nikasema nilikuwa nimeshalifikiria.

Alhamisi, 10 Mei

Waraka wa malalamiko! Nimepita nyumba kwa nyumba mtaa mzima. Kufikia saa sita nina sahihi arobaini na tatu. Watu wamenipokea vizuri ajabu. Mzee wa duka la kona alinishika mkono, akasema imechukua muda mrefu kupata mtu jasiri.

Nimeupeleka benki mwenyewe. Bwana Alleyne akausoma wote papo hapo, jambo lililonipa moyo. Kisha akaugeuza, akanionyesha. Kando ya sahihi watu walikuwa wameandika maoni. "Lile shimo la mtaani ni kubwa zaidi." "Na taa za barabarani pia." "Mfereji unanuka tangu Krismasi."

Kumbe Kelvin alinitangulia kila nyumba akiwaambia napigania barabara. Nimemfuata. Ameapa alikuwa anasaidia, eti kwa ada zangu nisingepata hata sahihi tano. Nikasema ningepata sita. Tukaachana hapo.

Verlyn ameuliza habari za themostati. Nimesema iko njiani.

Jumapili, 13 Mei

Sikukuu ya akina mama. Nimeamua kumfurahisha Verlyn. Nilipoamka nilikuwa na wazo limekamilika kichwani: themostati ni themostati. Oveni ni friji lenye hasira, hakuna zaidi. Nikatoa moja kwenye friji bovu lililoko uani, nikaifunga.

Oveni imewaka vizuri. Ikifika joto la maji ya kumwogesha mtoto mchanga inajizima. Nimejaribu mara saba.

Verlyn alikuwa ametia ndani keki ndogo ya majaribio. Ilipotoka akaila kwa kijiko, akitazama ukuta. Nikamwambia heri ya sikukuu. Akasema asante.

Jumatatu, 14 Mei

Siku kubwa! Kiyoyozi cha benki kimekufa saa tatu asubuhi. Saa nne simu ikalia: mtunza jengo, fundi wao wa mji mkuu, Port of Spain, hawezi kuja leo, je, mimi naweza?

Kama naweza!

Nimepanda juu ya paa, nikakikagua. Kazi ya saa mbili. Kwa mtu yeyote mwingine ningetoza elfu moja na mia moja, ambazo zingenunua themostati na zikabaki. Lakini nikaona mlango umefunguka. Nikashuka, nikaomba karatasi, nikamwandikia Bwana Alleyne makadirio kwa mtindo wa benki. Kupanda ngazi, 150. Kushuka ngazi, 150. Kufungua skrubu, ziko nane, 150 kila moja. Kukitazama, 150.

Alleyne alikuwa amevua koti, jasho linamtiririka. Akauliza kwa nini kila skrubu ina bei yake. Nikasema sijui mimi, kompyuta yangu ndiyo hupanga. Anika akafunika mdomo kwa mkono. Jamani, utamu wa dakika ile!

Bwana Alleyne akaikunja karatasi mara mbili, akanishukuru kwa kuja.

Saa sita nilikuwa nakula doubles, vile vimkate vya kukaanga vyenye dengu, kwa muuzaji wa ng'ambo ya barabara, nikisubiri Alleyne anipigie magoti. Gari la fundi wa mji wa Arima likaegeshwa mbele ya benki. Fundi mwenyewe kijana mwenye vipuli masikioni. Saa nane kiyoyozi kinanguruma, milango imefungwa tena na watu ndani wanaonekana kuburudika.

Elfu moja na mia moja. Nimezihesabu njia nzima nikirudi nyumbani.

Jumanne, 15 Mei

Verlyn amejua.

Alikuwa anatafuta bisibisi afungue oveni mwenyewe. Nilipoingia jikoni alikuwa mezani, barua imenyooshwa mbele yake, kando yake rula na penseli. Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimetayarisha majibu ya kelele, mazuri tu. Hakupiga kelele. Akauliza mkate nilinunua siku gani. Nikasema Jumanne. Na kuku? Jumatano. Akaandika. Akapanga vyote kwa tarehe, polepole, ulimi kwenye kona ya mdomo kama anavyofanya akipima unga.

Kisha akanigeuzia karatasi. Kama benki ingefuata siku, vile vitu vitano vingepita bila tatizo, na ni kompresa peke yake ingevuka salio. Ada moja. "Hiyo moja ni yetu," akasema. "Uliandika hundi bila kutazama. Nne si zetu."

Nikasema hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wiki nzima.

Akasema, "Ungeniambia Jumatatu, Hollis."

"Nilitaka nikuletee ushindi."

Akaanza kupangusa meza, ambayo ilikuwa safi. Siku nne zimebaki, na hana oveni. Nikaenda kumwagilia pilipili.

Jumatano, 16 Mei

Verlyn amevaa gauni la kanisani, amekwenda benki. Amenikataza kuingia. Nikasubiri ng'ambo kwa muuza doubles, mahali ambapo ningeweza kufika haraka mambo yakichacha.

Hayakuchacha. Dakika hamsini, ametoka. Alichukua namba, akajaza ile fomu, akaambatisha karatasi yake ya rula. Anika akaipeleka kwa Alleyne. Alleyne akaisoma, akasema mpango wa kompyuta wanaupitia upya makao makuu, Verlyn si wa kwanza kulalamika. Akatia sahihi. Ada nne zinarudi, mia sita. Zitaingia Ijumaa.

Nikauliza, na elfu kumi za uchungu wa moyo? Verlyn akasema uchungu ulikuwa wake, na bado hajaupigia bei.

Meneja ametuma salamu. Anaomba barua zijazo ziandikwe kwa wino wa bluu.

Lakini tazama. Ijumaa! Keki lazima iokwe kesho, ipoe, ipakwe krimu Ijumaa. Themostati inauzwa mia sita na arobaini, na mwenye duka hakopeshi. Nikamwambia Verlyn nina wazo. Akasema hapana kabla sijafungua mdomo. Tulipofika nyumbani akavuka barabara, akabisha kwa Bi Sumintra, mke wa Kelvin.

Kati ya wanawake wote wa Sangre Grande wenye oveni!

Alhamisi, 17 Mei

Keki zimeokwa kwa Ragoonath. Zote tatu, rangi ya asali, pande zote sawasawa. Sumintra na Verlyn walicheka jikoni tangu asubuhi. Jina langu lilitajwa mara kadhaa. Nilikuwa barazani na Kelvin, ambaye alinieleza jinsi Alleyne alivyokuwa akimwita kwa jina lake la kwanza.

Jioni, kazi yangu: kuzivusha barabara, moja moja. Manyunyu yameanza. Kelvin akasimama katikati ya njia, mikono juu, akiniongoza kama lori linalorudi nyuma. "Njoo, njoo, kushoto, fundi! Shimo hilo! Shimo lako hilo ulilotuandikia waraka!" Mtaa mzima ulitoka kutazama. Sikuyumba hata kidogo. Ile kubwa nilipoiweka mezani, Verlyn akanishika mikono yote miwili kwa muda, kabla hajaenda kutafuta krimu.

Sijui niandike nini kuhusu hilo. Nimeliandika tu.

Jumapili, 20 Mei

Harusi ilikuwa jana. Mwalimu Joefield alilia alipoiona keki. Watu watatu wamechukua namba ya Verlyn. Amelipwa taslimu, na leo ameshaagiza themostati mwenyewe. Bahasha ya pesa zilizobaki hajanionyesha anapoiweka.

Mimi pia sikukosa wateja. Karibu na meza ya pelau, wali wetu wa kuku, dereva mmoja wa teksi aliniuliza kama ni kweli nimeiangusha benki. Nikamwambia ni kweli. Mke wangu alishughulikia makaratasi, lakini vita nilipigana mimi: barua, waraka, yale makadirio. Alleyne alikuwa ameshalainika kabla Verlyn hajafika. Mtu hawezi kurudisha mia sita kwa sababu ya rula!

Dereva naye amekatwa ada za aina hiyo hiyo. Akaniomba ushauri. Nikamwambia aanze na wino mwekundu. Alisikiliza kwa makini sana, na nikaona jambo hili wazi kabisa: mji huu una watu elfu kadhaa wenye akaunti, na mtaalamu mmoja.

Jumatatu, 21 Mei

Asubuhi na mapema nimekwenda kwa Bwana Cudjoe, mchora mabango. Bango la futi nne, la kuning'iniza getini, lionekane vizuri kutoka baraza ya Kelvin. H. LEZAMA, MTAALAMU WA MIGOGORO YA BENKI. Chini yake, herufi ndogo: FRIJI PIA.

Cudjoe hutoza kwa herufi. Nilitaka kufuta "mtaalamu" niweke "fundi", lakini ingeshusha hadhi. Jumla, dola mia tano na sitini. Akataka malipo yote kabla ya kuchovya brashi.

Verlyn alisema pesa za benki zisiguswe, ni za umeme. Sijazigusa. Nimeandika hundi.

Akaunti ina mia tano na kumi na nne. Hizo arobaini na sita zilizopungua benki itaongezea. Sasa wananijua mimi ni nani.